Kumi na Mbili Juu ya Kumi na Nne

Bwana Liévin alikuwa mkuu wa mazingira katika kiwanda kimoja cha kusafisha shaba nje ya Lubumbashi. Kemia aliiacha shuleni, nayo haikumtafuta tena.

Masika yale ukingo wa bwawa la asidi la kiwanda ulibomoka, maji yakaingia kwenye kijito ambacho akina mama walinyweshea mboga. Matembele ya Mama Kangwa yakanyauka yote kwa siku mbili. Akajaza chupa maji yale, akampelekea mteja wake Léonie, mwalimu wa kemia wa mtaa wa Makomeno. Léonie akachovya karatasi ya kupimia. Ikatoka nyekundu kama pilipili.

"Mbili," akasema. "Mama, hii ni asidi. Iko kali sawa ndimu."

"Ndimu si tunakula?"

"Sasa utanywesha mboga ndimu, asubuhi na mangaribi?"

Wakaenda wote wawili ofisini kwa Liévin. Léonie akamweleza kwamba kipimo kinaanzia sifuri hadi kumi na nne: chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni besi. Liévin alisikia tarakimu tu, kama alama za mtihani.

"Mbili juu ya kumi na nne? Mais, ni échec, tumeanguka! Tutafanya deuxième session, turudilie mtihani."

Wiki hiyohiyo malori yakaanza kumwaga chokaa kijitoni. Léonie akamwendea tena.

"Chef, chokaa inaua asidi, ndiyo. Lakini pole pole, na kupima kila mara."

"Madame, usitupunguzie points."

Jumamosi ikafanywa sherehe ukingoni: hema, fanfare ya tarumbeta na ngoma, waandishi wa habari. Léonie akaitwa apime mbele ya watu. Karatasi ikawa ya buluu iliyokolea.

"Kumi na mbili," akasema kwa huzuni.

"Kumi na mbili juu ya kumi na nne!" Liévin akapaza sauti. "Grande distinction! Tumefaulu sana!"

Watu wakapiga makofi. Liévin akakunja mikono ya koti, akanawa maji yale meupe, akayasugua kwa madaha.

"Munaona vile inateleza? Maji yetu inakuya na sabuni yake!"

"Chef, haiko sabuni," Léonie akasema. "Ni mafuta ya ngozi yako njo inageuka sabuni."

Liévin akacheka, kisha akaanza kupuliza vidole vilivyokuwa vikimwaka. Katibu wake akaja mbio na chupa ya siki, asidi ya kuua chokaa. Léonie akaisukuma kando.

"Hapana! Maji safi tu, na mingi!"

Mama Kangwa akanyanyua dumu la maji ya kisima yaliyoletwa kwa ajili ya wageni, akammwagia mikono, kisha dumu la pili, na la tatu. Fanfare iliendelea kupiga; hakuna aliyeiambia inyamaze.

"Madame," Liévin akauliza, machozi yakimtoka, "sasa points ngapi njo muzuri?"

"Saba."

"Saba? Lakini ile ni cinquante pourcent, nusu tu!"

Jumatatu ripoti ya kiwanda ikasomwa redioni: mbili na kumi na mbili, wastani wake ni saba, kwa hiyo kijito ni kizima kabisa.

Mama Kangwa hakusubiri redio imalize. Alikwenda kwa Léonie kuomba karatasi za kupimia. Kuanzia hapo, kila Jumatatu akina mama walichovya, wakaandika tarakimu kwa makaa kwenye ukuta mweupe wa kiwanda, karibu na lango wanakopita wageni wa mkurugenzi. Walinzi wakafuta, wao wakaandika tena. Mwishowe mkurugenzi aliona haya, akamwajiri mkemia, na Liévin akahamishiwa idara ya sherehe.

Miezi miwili baadaye karatasi ilitoka kijani hafifu: saba. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Kangwa alichota ndoo mbili akashuka shambani, kwani miche ilikuwa inangoja.