Piga Kengele Kabla ya Kurusha

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, Orvokki Hynninen alikuwa jikoni kwa mdogo wake Maire mjini Tampere, simu ameiegemeza kwenye pakiti ya maziwa, akichagua viwanja. Alikuwa na siku mbili tu. Mji ule umejaa viwanja vya gofu ya visahani, mchezo wa kurusha kisahani hadi kitue kwenye kikapu cha minyororo, na kila kimoja kina maoni ya wachezaji kwenye simu: huyu anasifu minyororo ya vikapu, yule analalamikia mbu. Wiki iliyofuata Orvokki angepasuliwa bega la kulia. Daktari alikwishamwambia asitarajie kurusha kitu tena, labda vijembe.

"Twende ule wa kisiwani," Maire alisema. "Maji huku, maji kule. Watu wanatoka Japani kuja kuucheza."

"Na kisahani kikizama?"

"Kikizama kimezama, dada. Kwani utakihitaji tena?"

Orvokki hakuudhika, walikuwa wamezoeana hivyo tangu utotoni. Akashuka hadi mwisho wa orodha, kwenye uwanja wa Korpiniitty. Uliandikwa kuwa umefungwa tangu miaka kumi na mmoja iliyopita, lakini maoni yaliendelea kuingia, ya mwisho ni ya Jumanne ya wiki ile. *Vikapu viko safi. Piga kengele kabla ya kurusha. Namba tano iko bafuni kwa kina Lindqvist, usiende siku ya sauna. Namba kumi na mbili hawafungui. Andika tatu kana kwamba umerusha, uendelee.*

Shimo la kikapu namba kumi na mbili alilichimba yeye. Enzi hizo alikuwa akisambaza barua Tampere, na kwa vuli tatu mfululizo yeye na watu wapatao thelathini waliujenga uwanja ule kwa msaragambo. Walibeba mawe, wakachanganya zege, wakala soseji kwenye mvua. Msaragambo kwao hauna karatasi. Mtu akikubali kwa mdomo amekubali, na kumwomba aandike ni kumtukana, kwa hiyo hakuna aliyemwomba mwenye ardhi aandike. Wiki moja kabla ya ufunguzi mwenye ardhi, kampuni iliyokuwa imeshabadili jina mara mbili, akaukata msitu kwa siku nne na kusimamisha maghorofa. Orvokki hakuwahi kurusha hata mara moja. Alihamia Kajaani kwa hasira, na hasira hiyo haijamtoka mpaka leo.

Theluji ilipoyeyuka mwaka wa kwanza, vikapu vikachipua kwenye sakafu za watu, kila kimoja mahali pake na miti yake. Wakazi walilalamika kuhusu majani ya misonobari kwenye mazulia, kisha wakanunua mifagio migumu.

"Tunaenda huku," Orvokki alisema.

"Si umesoma? Kumi na mbili hawafungui."

"Nimesoma. Ndiyo maana."

Walicheza vikapu kumi na kimoja bila tabu, Orvokki akirusha taratibu ili kulibakiza bega. Mama Lindqvist aliwaondolea nguo zilizoanikwa bafuni. Namba tisa ilibidi wapande lifti. Namba kumi na mbili ilikuwa ghorofa ya tatu, mlango wenye jina la Uotila.

Orvokki akapiga kengele. Tundu la kuchungulia likaingia giza, maana yake jicho limefika. Mlango haukufunguka.

Huko mtu hatoki kwake jirani akiwa ngazini. Husimama nyuma ya mlango na viatu vyake miguuni mpaka nyayo zipotee, ndipo atoke. Orvokki alidhani Uotila anangoja nyayo zao zipotee. Orvokki naye alilelewa vizuri, hapigi kengele ya mtu mara mbili, lakini kuondoka hakutaka. Wakangojana dakika arobaini. Maire alikaa kwenye ngazi akala andazi lake la iliki, akamaliza na la dada yake.

"Dada, andika tatu twende zetu."

"Sikulichimba shimo lile ili niandike tatu!"

Ndipo mkono wake ukakumbuka kazi uliyoifanya miaka thelathini. Orvokki akatoa kisahani cha manjano, akakipenyeza kwenye tundu la barua. Kwa nyuma kilikuwa na jina lake na namba ya simu, kwa wino usiofutika. Na hili linajulikana: anayeokota kisahani chenye namba lazima apige simu. Watu wameacha kanisa, wameacha wake zao, lakini hilo hawajaliacha.

Baada ya dakika mbili simu ikalia mfukoni mwake.

"Hujambo, mama." Sauti ya kiume ilisikika mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mlango. "Naitwa Jalmari Uotila. Nimeokota kisahani chako."

"Ahsante sana. Umekiokotea wapi?"

"Kwangu, hapa mlangoni."

"Niko karibu. Nije nikichukue?"

Tundu la kuchungulia likaingia giza tena. "Uko karibu kiasi gani?"

"Unaniona."

Mlango ukafunguka. Jalmari alikuwa mzee wa soksi za sufu, na vidole vyake vilikuwa vya zambarau kwa matunda ya msituni. Nyumba yake ilikuwa ya mita za mraba arobaini na mbili, na ndizo alizotozwa gharama za matengenezo kila mwezi. Kutoka mlangoni hadi kikapuni zilikuwa mita tisini na nne, kati ya misonobari, kupita kochi na televisheni.

"Kumbe hutaki wageni," Orvokki alisema.

"Nani kasema? Watu wanapiga mara moja wanaondoka. Nikaona hawana haja sana. Nilikuwa nangoja mtu apige mara ya pili."

"Haya mambo yetu haya!" Maire alisema toka ngazini.

Orvokki akasimama kwenye kizingiti akarusha. Kisahani kiligonga msonobari wa kushoto, karibu na kabati la vitabu. Mtupo wa pili ukapita. Wa tatu ulimuumiza bega hadi akakunja uso. Wa nne ukaingia, na minyororo ikalia. Alikuwa ameungoja mlio ule miaka kumi na mmoja, na alilia waziwazi, mikono kiunoni, wala hakuufunika uso.

Jalmari akaenda kukitoa kisahani kikapuni. Halafu akauliza, "Unauonaje uwanja?"

"Mti wa kushoto uko karibu mno. Tulikosea wakati ule."

"Msumeno ninao. Nikuondolee?"

"Thubutu!"

Jalmari akacheka, akaenda kuweka kahawa jikoni. Dirishani mashine ilikuwa inakata msitu uliobaki ng'ambo ya barabara, mali ya kampuni ile ile chini ya jina lake la nne. Saa ya mapumziko ilipofika ikanyamaza kwa robo saa, kama sheria inavyotaka, kisha ikaendelea. Ngazini palikuwa pamekusanyika watu wanne na visahani vyao, na jirani wa mlango wa pili katikati yao, katoka na mfuko wa taka, hajui aangalie wapi.

"Habari za asubuhi," Jalmari alimwambia.

"Nzuri," jirani alisema, na akauliza kama mstari wa kungojea kurusha unaanzia hapo.