Oili Yote

Saa sita kasorobo mchana mashine ya kukatia majani ilianza kugonga tumboni, na Hilaria, aliyekuwa ameikalia, akajua mambo yameingia mdudu. Alikuwa amekata robo tu ya uwanja wa ndege. Kwingine kote majani yalimfika mtu magotini, maana mvua za mwaka ule wa tisini na tatu hazikuwa na mchezo, na ndege ya madaktari wa macho ilitarajiwa saa tisa.

Rubani wa ndege hiyo si mtu wa kubembelezwa. Mwaka wa jana alizunguka mara mbili juu ya hospitali yao ndogo ya misheni, upande wa Kwa Mtoro, akaona majani marefu, akageuza zake Dodoma. Wagonjwa wa mtoto wa jicho waliachwa barazani wakisikiliza mlio ukififia. Mmoja wao alikuwa Evelina, mama yake Hilaria, aliyerudi nyumbani kwa miguu ameshika bega la jirani. Hilaria wakati huo alikuwa mfagizi wa wodi. Kesho yake alikwenda kwa Sista Josephine, mkuu wa hospitali, akaomba afundishwe kuendesha ile mashine. Watu walicheka wee, mwanamke kukalia kitrekta! Waliocheka walishanyamaza siku nyingi.

Na sasa mama alikuwa barazani tena tangu jana, wa tatu kwenye benchi, akisubiri ndege ile ile.

Hilaria alizima injini. Fundi Bartolomayo, aliyemfundisha kazi, alikuja taratibu akifuata ukingo wa majani yaliyokatwa, mkononi ana kopo, kikombe na mpira mwembamba. Hakuhitaji kuuliza kuna nini. Dawa yake ilikuwa moja: anaingiza mpira kwenye tundu la kupimia oili, anavuta vikombe viwili vya oili chakavu, anaongeza viwili vya oili mpya, basi.

Tusimcheke. Ujanja huo aliupata miaka ile ya shida, kopo la oili lilipokuwa halipatikani bila kibali na barua tatu, na kwa ujanja huo jenereta ya hospitali iliunguruma wakati magari ya wakubwa yamepandishwa juu ya mawe. Lakini miaka hiyo imekwisha. Siku hizi duka la Suleiman kule Kondoa lina makopo ya oili hadi darini, na stoo ya hospitali ilikuwa na lita tano ambazo hazijafunguliwa. Bartolomayo bado alikuwa anapima kwa kikombe.

"Dakika kumi tu, mwanangu," alisema. "Tunapunguza, tunaongeza, unarudi kazini."

"Fundi, tumefanya hivyo mara ngapi tangu Krismasi?"

"Mara tatu. Na imetembea."

"Imetembea na matope yale yale."

Hilaria akachomoa kijiti cha kupimia, akakiinua mbele ya mzee. Oili ilikuwa nyeusi tii, nzito kama uji ulioganda. Bartolomayo alipandisha kwenye paji la uso miwani myeusi aliyoivaa tangu masika akisema jua linamsumbua, akainama.

"Mbona bado nyekundu hii? Haijachoka."

Hilaria nusura acheke. Kisha akamtazama vizuri. Mzee hakuwa anakitazama kijiti, alikuwa anatazama pembeni yake kidogo, na katikati ya macho yake yote mawili mlikuwa na ukungu mweupe, ule ule uliokuwa machoni mwa mama.

Alipandwa na hasira kwanza, halafu akaionea aibu hasira yake. Kumbe siyo ubahili. Mpira na kikombe vinafanya kazi kwa vidole tu. Kulala chini ya mashine, kuifungua bolti, kuona kilichotoka na kufunga filta mpya sawasawa kunataka macho. Na mwaka ule watu walikuwa wanaachishwa kazi kila mahali. Fundi asiyeona angebakizwa kwa lipi?

"Namwaga yote," Hilaria alisema.

"Hiyo ni saa nzima. Ndege ikikukuta hujamaliza?"

"Mashine ikifia katikati ya uwanja, ndege haitui kabisa. Lawama nitabeba mimi, Fundi, lakini sitaweka oili mpya juu ya uchafu tena."

Bartolomayo aliweka chini kopo na kikombe. Kisha akachuchumaa, akaigusa injini kwa kiganja.

"Basi fungua sasa hivi, ingali na joto. Ikipoa, uchafu unaganda chini. Na angalia usiungue."

Hilaria alilala chali, akafungua bolti. Oili ilitoka kwa kishindo ndani ya karai, baadaye uzi, baadaye tone, na katika matone mlikuwa na madonge. Hapo ndipo pagumu, maana kusubiri matone kunafanana sana na uvivu. Sista Josephine alitoka mbio wodini akawakuta wamekaa chini.

"Mnapumzika?"

"Tunasubiri iishe, Sista."

"Vikombe viwili havitoshi?"

"Havitoshi."

Sista alitazama saa yake, akarudi wodini. Hilaria alibadilisha filta, Bartolomayo akaipapasa na kusema ongeza robo mzunguko. Bolti ikarudi, oili mpya ya stoo ikamiminwa, ikapimwa mara mbili. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano.

Injini iligonga kidogo, ikatulia, ikaanza kuunguruma. Hilaria alikata kwenda na kurudi bila kusimama hata kunywa maji. Ndege ilitokea kabla ya saa tisa, akiwa na mistari miwili imebaki. Ilizunguka. Barazani watu walisimama wote. Hilaria hakutazama juu wala hakuongeza mwendo, kwa sababu mashine ikikimbizwa inaruka majani. Ndege ikazunguka mara ya pili. Alimaliza mstari wa mwisho, akatoka uwanjani, akazima injini.

Magurudumu yaligusa ardhi na majani yaliyokatwa yakatimka.

Bartolomayo alikuwa amesimama kandokando, uso ameuelekeza kwingine.

"Imetua?"

"Imetua, Fundi."

Mzee alitabasamu, akageuka kwenda karakana. Hilaria akamshika mkono wa shati.

"Barazani ni huku."

"Nina kazi."

"Kazi tumemaliza. Twende."

Bartolomayo aliirudisha miwani machoni. "Wataniachisha, Hilaria," alisema kwa sauti ya chini.

"Usipoona, ndiyo. Na jenereta nani atanifundisha?"

Walivuka majani mabichi pole pole hadi barazani.

"Mama," Hilaria alisema, "nimemleta Fundi Bartolomayo. Na yeye ni wa foleni hii."

Evelina hakuuliza kitu. Alijisogeza kwenye benchi, akapapasa kwa kiganja nafasi aliyoiacha.

"Kaa hapa, baba," alisema. "Hata mimi niliwaficha watoto miaka miwili kwamba sioni."