Gauni Lililorefuka Kabatini

Hariri haitaki papara. Mkubwa alijaza beseni maji ya uvuguvugu, akakoroga sabuni ya mtoto mchanga, akalizamisha gauni na kulibonyeza kwa viganja bila kulisugua. Kulikamua? Thubutu! Aliliviringisha ndani ya taulo linyonywe maji, akalitandaza kivulini, kisha akainamisha sikio kifuani pa gauni. Lilikuwa linapumua vizuri. Maji yakizidi moto, gauni lile lilikohoa.

Lilishonwa na mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, wakati Kitinda, mdogo wake Mkubwa, bado anang'oka meno ya utoto. Fundi alimkabidhi Mkubwa likiwa limekunjwa ndani ya shuka nyeupe, akamwambia alitunze kama mboni ya jicho, ni gauni la harusi. Mkubwa alifurahi mpaka akasahau jambo moja. Mama yake alishinda na futi shingoni akipima hata watoto wa jirani, lakini yeye Mkubwa hakuwahi kumpima. Akajiambia jicho la mama ni futi tosha.

Mwaka Kitinda alipompita dada yake kwa kimo, gauni nalo lilianza kurefuka. Mkubwa alijilaumu. Alidhani labda siku moja alilitundika likiwa bichi, maana hariri iliyolowa ikitundikwa huvutwa na uzito wake. Akapandisha upindo kwa mkono, kwa mishono midogo midogo. Asubuhi upindo ulikuwa umejifumua, na uzi umejiviringisha vizuri pembeni. Akapandisha tena. Likashuka tena, safari hii na shanga mpya kiunoni. Ikawa kila akilifua analiomba msamaha.

Hatimaye akachumbiwa na mtengeneza saa wa mtaa wa pili, mtu mpole asiye na maneno mengi. Jumapili ya kabla ya harusi alilijaribu gauni mbele ya mama yake. Mabega yalimwanguka, kifua kikapwaya, pindo likafagia sakafu. Kitinda, aliyekuwa mlangoni anasuka nywele, akaomba alijaribu kidogo tu. Likamkaa kama ganda kwenye ndizi, kisha likashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika kwake.

Hakuna aliyeshtuka. Fundi alikata uzi kwa meno, akalitazama bega la kushoto, akaridhika.

"Linamjua mwenyewe," alisema. "Nilimshonea yeye."

"Na mimi, mama?"

"Wewe una mikono mizuri, mwanangu. Yeye angelichakaza mapema."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Mkubwa kuliko tusi. Miaka yote ile alikuwa kabati. Kikulacho ki nguoni mwako, na kumbe mtu anaweza hata kukifua kwa sabuni ya mtoto. Fundi akaongeza kwamba Mkubwa hakukatazwa kuliazima siku ya harusi, ila upindo aupandishe kwa pini, tena azipitishe palepale kwenye mshono, asimtobolee mwenzie hariri.

Mkubwa aliolewa na gauni la dukani, likimbana kwapani. Mama yake alimtunza futi mpya, ya njano, ndani ya kiboksi.

Kitinda naye akaja kuolewa, akalivaa lake, akapendeza, hata Mkubwa alikiri. Mpaka leo gauni huletwa kwa Mkubwa ndani ya mfuko, kwa sababu kwa Kitinda linakohoa. Analifua vilevile, kwa maji ya uvuguvugu, bila kusugua. Likishatandazwa kivulini, huchukua ile futi akajipima kiuno, akajipima kifua, akajipima urefu wa mkono. Mgongo humshinda, kwa kuwa mgongo hupimwa na mtu mwingine. Basi huiviringisha futi, akairudisha kwenye kiboksi chake, kisha huinama kulisikiliza gauni la mdogo wake. Linapumua vizuri.