Tani za Rangi

Mataifa makubwa yalipokwisha kuwekeana saini kwamba hakuna tena kujenga manowari mpya, vizee vya chuma vilivyokuwa vikingoja kukatwakatwa vilipata bahati ya kurudi chelezoni. Mkataba uliruhusu manowari kuukuu iongezewe tani elfu tatu, basi, tena kwa ajili ya kujikinga tu na bomu litokalo juu na torpedo itokayo chini. Mizinga mikubwa zaidi, marufuku. Deraya nene zaidi ubavuni, marufuku. Ndiyo maana Hedley Tregenza, msanifu wa meli katika yadi moja kwenye mdomo wa mto Tamar, alikuwa akiitazama Lyonesse jinsi fundi cherehani anavyomtazama mteja aliyenenepa akaja na koti lake la harusi.

Meli hiyo aliijua vizuri. Aliichora yeye na wenzake angali kijana, pamoja na pacha wake, Avalon. Avalon haikurudi kutoka vitani. Kombora liliiangukia kutoka juu, likatoboa sitaha yake nyembamba, likaingia ghala la baruti, na watu karibu elfu moja wakaisha kabla hata ya kupiga kelele. Miongoni mwao alikuwa Denzil, mtoto pekee wa Hedley, aliyejifunza kazi ya mizinga ndani ya Lyonesse kisha akahamishiwa Avalon. Siku zile wasanifu wote waliamini kwamba kombora hupiga ubavuni, kwa hiyo hakuna aliyemnyooshea Hedley kidole. Mkewe Jenifer naye hakuwahi kumwuliza neno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Basi katika michoro mipya Hedley alikuwa na jambo moja tu asilolitaka lipunguzwe: sitaha nene juu ya maghala ya risasi na baruti. Mengine yote mngeweza kukaa naye mkajadiliana.

Balaa lilianza siku ya kuipima meli. Waliitoa mafuta na maji ya akiba, kwa kuwa mkataba hauvihesabu hivyo, wakaiacha ielee bandarini, wakasoma alama za mbele na za nyuma. Lyonesse ilikuwa imeshuka majini zaidi ya makaratasi yalivyosema. Uzito wake ulizidi kwa zaidi ya tani mia mbili, na kila tani iliyozidi ingekatwa kwenye zile elfu tatu.

Oswin Peverell, mkubwa wake Hedley, alikuja na treni kutoka London. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ile tabia ya watu wa ofisini ya kukupa habari mbaya huku akitafuta miwani yake.

"Punguza sitaha," alisema. "Inchi moja tu, juu ya ghala la nyuma."

"Inchi moja tu," Hedley alirudia.

"Usinitolee macho, Hedley. Mkataba sikuuandika mimi."

"Nikizipata tani hizo kwingine?"

"Ukizipata, sitaha yako naitia saini hapahapa. Lakini usiniletee hesabu za kupikapika. Nikirudi mwisho wa mwezi nataka kuiona meli yenyewe imepanda majini."

Kuanzia siku hiyo Hedley alihamia ndani ya Lyonesse na kurunzi na nyundo yake. Alitoa nanga za akiba. Alitoa majiko ya chuma ya kuotea moto, mbao za mwaloni za chumba cha kulia cha maofisa, piano, na mashine za kunyanyulia risasi ambazo hazikuwa zimezunguka tangu vita viishe. Serahangi wa meli, msimamizi wa mabaharia, Nankivell, alimfuata nyuma akiandamana na jeshi lake la wabebaji. Huyu alikuwa mtu wa Cornwall hasa, na kwake kila binadamu alikuwa mpenzi, awe mfagizi awe kamanda.

"Mpenzi, ukiendelea hivi tutalala juu ya misumari," alisema Nankivell.

"Misumari nayo nitaitoa."

"Haya, mwenye meli. Sisi tutaelea na suruali zetu."

Pamoja na hayo yote, hata nusu ya tani zilizotakiwa haikupatikana. Asubuhi moja fundi alikuwa akitindua ukuta wa ujia ili afunge bomba, na kipande cha kitu kikamdondokea Hedley kwenye kiatu. Alikiokota. Kilikuwa kinene kama biskuti za mabaharia, na kwenye ukingo wake kilikuwa na mistari mingi: nyeupe, kijivu, nyeupe, nyeupe tena, rangi ya maziwa, nyeupe. Hedley aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka fundi akaanza kuogopa.

Siri hiyo kila mtu katika jeshi la maji aliijua na hakuna aliyeisema. Ofisa wa pili wa manowari alipandishwa cheo kwa jinsi meli yake inavyong'aa. Rangi ya serikali ilikuwa kidogo, kwa hiyo mwenye hamu ya cheo alinunua ya kwake, na asiyekuwa na pesa alioa mwenye nazo. Kukwangua rangi ya zamani ni kazi ya wiki nzima, kupaka mpya juu yake ni kazi ya asubuhi. Admeri anakuja kesho? Paka. Balozi anakuja kula? Paka. Kila ofisa wa pili alipaka, akapata cheo chake akaondoka, na meli ikabaki na mzigo. Sitaha ya kuwakinga watu ikatwe inchi ili urembo wa wakubwa ubaki ukutani! Hedley alipanda kwa nahodha akiwa amekishika kile kipande mkononi.

Kapteni Fulke Arundell alikigeuzageuza mkononi. Kabla ya vita yeye mwenyewe alikuwa ofisa wa pili wa Lyonesse.

"Unataka kuikwangua meli yangu," alisema.

"Yote, Kapteni. Ndani kote, mpaka kwenye chuma, halafu mkono mmoja mwembamba wa rangi."

"Unajua watakachosema London? Watauliza nani alizipandisha tani hizi. Rangi nyeupe ya Arundell ilisifiwa mpaka Malta, Bwana Tregenza. Mke wangu aliuza farasi wake kwa ajili yake."

"Pole yake mama. Farasi mwenyewe angekuwa mwepesi zaidi."

Kapteni nusura acheke. "Basi kwangueni huko chini. Vyumba vya maofisa viacheni."

"Nikiacha chako, ofisa wa pili atataka chake. Mpishi naye atataka jiko lake. Mwishowe nitabaki na vyoo. Hapana pa kuachwa, Kapteni, hata pa kuweka kiganja."

"Una roho ngumu, wewe mtu."

"Uliwajua watu wa Avalon?"

"Nusu yao nimekula nao meza moja."

"Inchi wanayotaka kuikata iko palepale kombora lilipopita."

Arundell aligeukia dirisha. Kisha akamwita Nankivell kwa sauti iliyosikika mpaka gatini. "Serahangi! Leta watu wenye vikwangulio. Waanze na chumba changu."

Meli nzima ikageuka karakana. Mamia ya watu, nyuso zimefungwa vitambaa, walikwangua kuta, dari, milango na ngazi. Vumbi jeupe liliingia kwenye chai, kwenye pasti za nyama na viazi, kwenye masikio. Ndoo zilipanda juu, zikamwagwa kwenye magunia, magunia yakaenda kwenye mizani ya gatini.

"Kwangua, mpenzi, kwangua!" Nankivell alikuwa akiimba. "Huo ndio mkia wa farasi wa mama Arundell!"

Kila mtu alikuwa na pake pa kuombea. Mpishi alikuwa amechora nguva karibu na jiko lake, nguva mnene mwenye tabasamu, akasema huyo ndiye aliyemvusha vita vyote. Hedley alimtazama nguva, akamtazama mpishi. "Mkwangue," alisema. Mpishi alimkwangua huku akimtukana Hedley kimoyomoyo, na pengine si kimoyomoyo sana. Wapiga mizinga nao walileta ombi lao, wakajibiwa vilevile. Mwisho wa wiki ile Hedley akipita ujiani watu walikuwa wanaacha kuongea, naye alipita tu.

Vikabaki vyumba vya chini kabisa, karibu na ghala la nyuma, na tani chache za kupunguzwa. Nankivell alimjia Hedley gatini kwenye mizani. Safari hii hakumwita mpenzi.

"Mzee Hedley, njoo chini kidogo."

Kilikuwa chumba cha kupokelea baruti chini ya mizinga ya nyuma, chembamba, chenye dari fupi ya kumgonga kichwa kila asiyeinama. Vijana walikuwa wamesimama kando ya ukuta na vikwangulio vyao vimeshuka. Chini ya tabaka zote za nyeupe, juu ya kijivu cha zamani, palikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa brashi ndogo, kwa herufi zilizolalia kushoto ambazo hakuna mwalimu aliyewahi kuweza kuzinyoosha:

ALIYECHORA CHUMBA HIKI NI BABA YANGU. MSINIPIGE. D. TREGENZA

Hedley alisoma, akasoma tena. Cheko lilimtoka kwa ghafla. Bahari haikuwarudishia yeye na Jenifer mwili, wala kofia. Walichokuwa nacho nyumbani ni simu ya maandishi kutoka serikalini, na humo hamkuwa na mwandiko wa mtu.

"Ni chumba kibaya kweli," alisema baadaye. "Naye alikuwa mrefu."

Kapteni Arundell alikuwa ameshuka, amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Paache hapo, Tregenza. Ni upana wa sinia. Hapana hata uzito wa pasti moja."

"Najua uzito wake."

"Basi nakuomba. Hakuna humu atakayesema neno."

Mpishi alikuwa nyuma ya Kapteni. "Mimi sisemi," alisema. "Mungu ni shahidi, mzee, mimi sisemi kitu."

Hedley alimgeukia mpishi. Alikuwa akitaka sana kupaacha. Alitaka kumleta Jenifer aguse ukuta ule. "Wewe nilikwambia nini juu ya nguva wako?" aliuliza.

Mpishi akainamisha kichwa.

"Nani ana kikwangulio?"

Hakuna aliyempa. Ikabidi akitoe mwenyewe mkononi mwa kijana mmoja, naye kijana akakiachia kwa shida. Hedley aliinama, akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya maneno yale, kisha akakitoa akaanza kukwangua kutoka mwisho: jina kwanza, halafu yale ya kupigwa. Alifanya kazi safi, mpaka chuma. Vumbi akalikusanya kwa mkono akalitia kwenye ndoo ya wengine, na Nankivell akaipandisha ndoo juu yeye mwenyewe.

Peverell aliporudi, Lyonesse ilikuwa imepanda. Alisoma alama za mbele, akasoma za nyuma, akamwomba Hedley ainame mgongo wake uwe meza ya kuandikia, akautia mchoro wa sitaha saini palepale gatini.

Hedley alifika nyumbani Jenifer akiwa anamenya viazi. Alimweleza yote akiwa bado na koti mwilini. Aliposikia yale maneno Jenifer alicheka kwa sauti, kwa kuwa yalikuwa ni Denzil mtupu.

"Ukayafuta?" aliuliza.

"Nikayafuta."

"Na sitaha?"

"Inchi zote."

Jenifer aliweka kisu mezani. "Basi watoto wa watu watarudi," alisema. Kisha akafunika uso kwa aproni yake akalia, na Hedley akamsogelea, mikono yake ingali na vumbi la rangi.