Siku ya Sitini na Mbili Thelujini

Usingizi unanichukua saa nane mchana, nimekaa kitini, mguu wenye chuma nimeuegemeza kwenye kigoda, kompyuta ya binti yangu Ezelina iko mapajani, na ndani ya kompyuta kuna mtu amesimama kwenye theluji ananingoja. Mtu huyo ni mimi. Leo ni siku yake ya sitini na moja katika gemu ile ya nyika ya barafu, na nimemweka kwenye kiwango cha mwisho kabisa, kile ambacho Ezelina aliniambia, Baba, hicho waachie vijana wenye hasira, nikamjibu, mwanangu, vijana hawana hasira, vijana wana pupa tu, hasira ni kitu cha kutunza. Kwenye kiwango hicho hakuna ramani, hakuna bunduki, ukuni unaungua upesi kama karatasi, mbwa mwitu wana njaa kukuzidi wewe, na ukifa umekufa, kila kitu kinafutwa, siku zako zote zinakuwa kama hazikuwahi kuwapo. Naipenda kwa sababu haidanganyi. Haikusimamishi uwanjani ikakuambia sisi sote hapa ni familia moja, kama alivyokuwa akituambia Meneja wa shamba la chai kila Mei Mosi, huku amevaa koti la sufu na sisi tumevaa magunia. Mimi sisahau. Jina langu Fokasi Ng'umbi, nilijifunza kusoma kwenye karatasi za kufungia maandazi, na nilichosoma sijakirudisha. Ndani ya sweta, kifuani, nina daftari lenye safu mbili nilizozipiga kwa rula: kushoto jina, kulia aliyemfukuza. Kushoto kuna wachuma chai sitini na mmoja wa mgomo wa Juni ule. Kulia kuna neno moja limeandikwa mara sitini na moja: Meneja. Nafumba macho kidogo, nikimsubiri mtu wangu amalize kuyeyusha theluji ya kunywa, na ninapoyafumbua kiti hakipo, kigoda hakipo, mguu hauumi, na theluji imenifika magotini.

Sishangai. Najikagua kama ninavyomkagua yule wa kwenye kompyuta: pembeni mwa jicho langu kuna viduara vinne, joto, uchovu, kiu, njaa, na kile cha joto kimebaki robo. Sina kiberiti. Sina kuni. Nina daftari. Mbele yangu kuna barabara, naishika, inapanda mlima, inashuka, inanirudisha kwenye nyayo zangu mwenyewe, nashika nyingine, nayo inajikunja vilevile kama utepe wa fundi cherehani, na kandokando yake kuna mistari ya chai iliyofunikwa nyeupe, imenyooka, imechanwa kama nywele za mtoto wa shule, haina mwisho. Natembea siku nzima au dakika moja. Kisha kuna mtu anatembea nami, wala sijamwona akija. Ni mwanamke, amejitanda blanketi la kijivu la kambi, mikono ameificha ndani, na pale uso ulipotakiwa kuwa pamelainika tu kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kamwene, ananiamkia, kama watu wa kwetu. Kamwene, namwitikia, kwa sababu adabu haihitaji uso. Unakwenda wapi, Mwenyekiti? Miaka thelathini na minne, tangu mgomo ule, hakuna aliyeniita hivyo. Natafuta moto, mama, namwambia. Moto upo, anasema, na njia naijua, ila njia ya huku hailipwi kwa asante. Kitendawili. Tega, nasema. Anasema: nina watumishi kumi, natembea nao kila mahali, ulipowaona hawana mzigo, ulinifukuza. Nawaza kama mtu wa gemu. Mbwa mwitu, nasema. Hapana. Miti. Hapana, Mwenyekiti, unajibu kama mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Basi nipe mji.

Tunasimama juu ya ziwa lililoganda, na chini ya barafu naiona miji yote niliyowahi kuhutubia, imelala kichwa chini miguu juu, mabati yake yanang'aa kuelekea vilindini, kina mama wanapanga mafungu ya viazi na viazi havidondoki. Nakupa Makambako, nasema, maana ndiyo sheria ya vitendawili, ukishindwa unatoa mji. Makambako inazimika chini ya nyayo zangu, pamoja na upepo wake na stendi yake na jukwaa la mbao nililopanda kupiga kelele hadi sauti ikakauka. Tunatembea. Barafu inalia kama mlango wa zamani. Kitendawili ni kilekile, anasema: nina watumishi kumi. Namwambia huu ni uonevu, desturi inadai kipya. Anacheka, kicheko kinatoka mahali pasipo mdomo. Desturi! Nawe bado unazipenda sheria. Jibu. Meno, nasema. Meno ni kumi, wewe? Nipe mji. Nampa Iringa, nayo inakwenda. Nampa Njombe, inakwenda na soko lake na ukungu wake na kanisa. Sisikii uchungu mkubwa, nahesabu tu, kama anavyohesabu mtu aliyeko mbali na mwili wake, na kiduara cha joto kinapungua, sasa ni utepe mwembamba kama kucha. Chini ya barafu umebaki mji mmoja. Si mji hata kidogo, ni Kambi Namba Saba: nyumba za mistari, hazina mabati, Meneja ameyang'oa ili tuache mgomo. Nipe huo, anasema. Huo sitoi, namwambia, watu wangu wamo humo. Vizuri, anasema, basi tuingie, tuone kama wamo wote.

Sijui tunaingiaje, labda barafu ndiyo inayogeuka, juu inakuwa chini, na mimi nimesimama uwanjani kwenye kambi, mbele ya ghala la majani ya chai, pale tulipojibanza baada ya mabati kung'olewa, na Juni ile sakitu, umande ulioganda, ilikuwa inaunguza chai ikawa nyeusi kama imepitiwa na moto. Humo ndani kuna moto kweli. Nauona kwenye nyufa za mbao, mwekundu, kwenye pipa lililokatwa nusu. Na juu ya mlango kuna ubao. Naujua kabla sijausoma. Niliuandika kwa mkono wangu, kwa lami na kijiti, maandishi yangu ya kwanza mbele ya watu, na nilivyojivuna kwamba hakuna herufi iliyopinda: ANAYEKUJA MOTONI AJE NA UKUNI WAKE. Ilikuwa ni desturi yetu msibani, kila mmoja anakwenda na ukuni, hakuna wa kuambiwa, mimi nikaifanya amri. Nabisha hodi. Sauti ya ndani naifahamu, ya Zakayo Mligo, msaidizi wangu, aliyekuwa akitania hata wakati wa kuzika. Nani? Mimi, Mwenyekiti wenu. Ala! Jamani, Mwenyekiti amekuja! Watu wanacheka kule ndani, wengi. Mlango unafunguka kiasi cha kupitisha pua. Zakayo naye hana uso, lakini kofia ni ileile, ya sufu, yenye tundu juu ya sikio. Karibu, karibu sana, anasema, ukuni uko wapi? Zakayo, acha utani, nakufa. Utani gani, bwana? Hapo juu pameandikwa nini? Umesahau kusoma? Sheria ni ya nani? Yangu, nasema. Basi usitutie aibu mbele ya wageni, wewe hata Meneja angekuja anatetemeka ungemwambia akalete ukuni.

Namwonyesha daftari. Hili ni mti, namwambia, mti uliosagwa, litawaka. Zakayo anakuna kofia. Liwake, lakini lisome kwanza, tujue tunamchoma nani. Nasoma mlangoni, viduara vyangu vinapepesa, pumzi yangu inaganda na kuanguka kama chumvi. Zakayo Mligo. Nipo, si unaniona? Onesmo Mtitu. Nipo. Gaudensia Mwalongo. Nipo, Mwenyekiti, na bado unasoma polepole. Wote sitini na mmoja, kila jina na sauti yake, na mimi kila jina nalitaja bila kuangalia karatasi, kwa maana hii ndiyo fahari yangu, hii ndiyo silaha yangu, mimi ndiye yule asiyesahau. Nafika mwisho. Zakayo anauliza, na huyo uliyekuja naye? Nageuka. Mwanamke wa blanketi amekaa chini ukutani, nje, magoti kifuani, mikono kwapani. Huyo hayumo, nasema. Kwa nini hayumo? anauliza Zakayo, na sasa hakuna utani. Namwambia sijui jina lake. Zakayo anasema, basi mtafute mlipoachana, na anafunga mlango taratibu, kama anayefunga kwa mgonjwa.

Nakaa ukutani kando yake. Theluji inatufunika mabega bila haraka, na kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya, nakumbuka. Wala si kukumbuka, ni kuacha kuzuia. Ilikuwa jioni ya siku ya tisa ya mgomo. Alikuja kutoka Kambi Namba Nne, alikuwa ametoka zahanati siku hiyohiyo, amekonda, hawezi kubeba hata ukuni mmoja kati ya kambi mbili. Alisimama hapa. Alitoa mikono yake kwenye blanketi akanionyesha kwamba haina kitu. Na mimi, kwa kuwa mtu wa Meneja angeweza kujipenyeza kutuchungulia, kwa kuwa nikimwachia mmoja sheria inakufa, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama na nilipenda wanavyonitazama, nilimwambia, mama, rudi ukaokote hata kijiti. Akasema, sawa, Mwenyekiti. Akarudi. Asubuhi walimkuta kwenye mstari wa chai, amekaa hivi, magoti kifuani, mikono kwapani. Na sikumwandika. Kushoto palikuwa na nafasi ya jina lake. Kulia ndipo palipokuwa pagumu.

Vidole, nasema. Watumishi kumi ni vidole vyako. Umechelewa, anasema, miji yako nimeshaichukua, lakini umejibu. Namuuliza jina. Nililisema mlangoni siku ile, anasema, masikio ulikuwa nayo, ila ulikuwa unaitazama mikono. Kiduara cha joto kimezimika kabisa, sasa kinachoteremka ni uhai wenyewe, na kwenye kiwango hiki hakuna kurudia, najua, nitafutwa, na jina lililomo masikioni mwangu litafutwa nami. Nalichimba. Nashika sauti yake, kwanza kikohozi, kisha hodi, kisha, mimi ni. Mimi ni Leokadia. Leokadia Nyagawa, nasema kwa nguvu, wa Kambi Namba Nne. Hakuna radi. Ni uso tu unaotokea, uso wa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, pua imechubuka kwa baridi, ananitazama kama mtu anayengoja zamu yake bombani. Sasa tuko wawili tusio na ukuni, anasema. Nachomoa daftari nianze kulichana. Anashika mkono wangu, vidole vyake ni barafu. Hao hawana kosa, usiwachome. Basi tuchome nini, mama, humu hakuna mti hata mmoja! Leokadia anainua kidevu kidogo, kuelekea juu ya mlango.

Misumari imeota kutu, inanichana viganja, lakini ubao unang'oka, mkavu, mnene, umepakwa lami, na hakuna kitu duniani kinachopenda kuwaka kama lami. Naupasua kwa goti. Tunachukua kaa moja kwa kulivuta kwa kijipande kupitia ufa wa chini, na herufi zangu zinaanza kuchemka, NAYE, KUJA, WAKE, zinadondoka zikiwa moto, na Leokadia anatoa mikono yake mitupu kwapani na kuinyoosha. Mlango unafunguka. Zakayo anatoa kichwa. Nani kang'oa ubao? Kisha anaona moto, anakuja kuchutama upande wa pili, na nyuma yake wengine, na kila anayetoka amepata uso. Jamani, anasema Zakayo, kumbe ulikuwa ukuni siku zote. Hakuna anayecheka sana. Kiduara cha joto kinajaa taratibu.

Nazinduka kitini. Dirishani ni ukungu wa saa kumi, Juni yetu ya kawaida. Kwenye kompyuta mtu wangu ameketi mbele ya moto, yu hai, na pembeni pameandikwa siku ya sitini na mbili, ingawa mimi sikumwachia kuni wala kiberiti. Nanusa viganja vyangu: vinanuka lami. Namwita Ezelina nimuulize kama aliigusa gemu, kisha nakumbuka yuko shuleni anafundisha. Nalitoa daftari, nalifungua ukurasa wa mwisho. Chini ya jina la sitini na moja naandika, kushoto, Leokadia Nyagawa. Nahamia safu ya kulia, kalamu inagoma. Naitikisa, inagoma. Naiangalia karibu na naona wino umeganda ndani ya mrija, umeganda kweli, una chembe za barafu, na huku kwetu sakitu huja alfajiri, haiji saa kumi jioni ndani ya nyumba. Naipulizia pumzi ya mdomo mpaka inalegea, na pale ambapo mara sitini na moja nimeandika Meneja, naandika, Fokasi Ng'umbi. Herufi moja imepinda. Naiacha hivyohivyo. Nje kuna nyayo zinakuja, si nyayo za kwenye majani wala matope, zinakwaruza na kuzama, zinakwaruza na kuzama, kama za mtu anayetembea juu ya theluji, na sijui ni huku zinakokuja au ni kule niliko. Zinasimama mlangoni. Hodi, inasema sauti yenye kikohozi, samahani, sina. Naushika ukuta, nasimama kwa mguu wangu wenye chuma, na kabla hajamaliza namwambia, ingia mama, ingia hivyohivyo.