Upana wa Mlango wa Mama

Bevan, fundi wa vioo, alikuwa aje mchana kuchukua vipimo vya mwisho. Akishapima, vioo vinakatwa kiwandani, na kioo kikishakatwa hakirefuki tena. Ndiyo maana asubuhi ile nilishindwa kutulia. Nilikuwa nafuta maji madirishani, maana huku Oamaru, kusini kabisa mwa dunia, baridi ikikolea fremu za alumini hutoka jasho usiku kucha. Kila nikigeuka kukamua taulo, namkuta mama mkwe wangu, Losaline, mbele ya mlango wa vioo wa sebuleni. Anaketi, anainuka. Ananyoosha mikono kuupima upana wake, anakohoa, anaketi tena.

Mlango ule ulitutesa. Ulikuwa wa kusukuma kwenye reli, kioo chake chembamba, na baridi ilipenya chini yake mpaka ncha za mikeka zikacheza. Kifua cha Mama kilikuwa kimebana tangu barafu ya kwanza. Mume wangu, Feleti, akaamua: mlango ung'olewe, ukuta ujengwe, liwekwe dirisha dogo la vioo viwili, na kutoka nje tutatokea jikoni.

"Jikoni?" Mama alisema alipoambiwa. "Haya. Nyumba ni yenu."

Mama akisema nyumba ni yenu, ujue amekataa. Feleti naye alijua, akalegeza. Mlango utabaki mpana vilevile, ila uwe wa vioo viwili vyenye hewa katikati. Upande mmoja hautafunguka kabisa, kwa sababu kisichofunguka hakivujishi baridi. Upande wa pili utafunguka kama mlango wa kawaida. Akadhani amemaliza. Mama akala nusu sahani, akaisogeza.

Sisi watu wa visiwa vya Tonga maiti wetu hulala sebuleni, juu ya mikeka, watu wakiimba mpaka kuche, ndipo anatolewa. Na njia ya jikoni kwetu ina kona. Kochi lilishindwa kupita pale, sembuse jeneza. Hilo kila mtu nyumbani alilijua na hakuna aliyelitamka. Mimi ni mke wa kuja. Si mimi wa kuanza habari za kifo cha mama wa watu. Nikangoja waseme wenyewe. Hawakusema.

Bevan akafika, jitu refu, kavaa kaptula katika baridi ile. Akavua viatu bila kuambiwa.

"Wewe, magoti yako hayana mwenyewe?" Mama akamtania.

"Yameshazoea, mama."

"Hata ya ng'ombe yamezoea."

Bevan akacheka, akapitisha mgongo wa mkono pembeni mwa fremu. "Mnapasha moto mji mzima hapa." Akaeleza kuwa fremu mpya ina kipande katikati kinachokata baridi isipite, na mpira wa kuziba pande zote. Akatuonya tusichukue kioo cha kuzuia jua. "Mlango huu unatazama kaskazini, jua lote la kipupwe linaingia hapa. Kile waachieni Waaustralia na joto lao." Kisha akatoa kalamu. "Kwa hiyo upande wa kushoto haufunguki, sivyo?"

"Ndiyo," Feleti akasema.

Mama akainuka, akaketi. Nilishindwa kujizuia.

"Na pande zote mbili zikifunguka je?"

Feleti akanigeukia. "Pisila, hilo tumeshalimaliza."

"Nauliza tu."

"Inawezekana," Bevan akasema. "Baridi itaongezeka kidogo, si sana. Ila nafasi yote hiyo ya nini? Mnaingiza piano?"

"Wananitoa mimi," Mama akasema.

Kalamu ya Bevan ikasimama.

"Mama, tafadhali," Feleti akasema. "Mgeni yupo."

"Mgeni kaja kupima, basi apime. Kwa upande mmoja nitapitaje? Mwili huu unauona."

"Huendi popote! Mlango wenyewe nauweka ili usiende."

"Kumbe kuna mlango wa kuzuia hilo? Bevan angekuwa tajiri, angevaa suruali."

Nilicheka, Bevan akakohoa kuficha kicheko chake. Feleti hakucheka. Alikwenda kwenye mlango, akausukuma mpaka ukagoma, baridi ikatuvamia. Akasimama kwenye nafasi iliyobaki, nusu ya mlango.

"Baba tulimlaza ubavu hapa," akasema huku ametupa mgongo. "Wabebaji wa pembeni walibanwa, tukamwinamisha. Nilimsikia anateleza ndani ya jeneza."

Nilikuwa sijaolewa wakati huo. Sikuwahi kuambiwa. Kumbe ukuta alioutaka haukuwa wa baridi peke yake.

"Nilikuwa nyuma yenu," Mama akasema taratibu. "Niliona."

"Hukusema neno."

"Na wewe ulisema?"

Bevan aliangalia soksi zake. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Wanabeba wangapi?"

"Watatu huku, watatu huku." Feleti akainamisha bega, akaning'iniza mkono kama mtu mwenye mzigo. "Pisila, njoo. Simama pale."

Nikasimama mkabala naye, katikati yetu hamna kitu. Bevan akavuta futi kutoka kiwiko cha Feleti mpaka changu.

"Ongeza," Mama akasema kutoka kitini. "Wapwa wa baba yake wale ni wanene."

Akaongeza. Akaangalia futi, akatikisa kichwa. "Itabidi nikate ukuta kidogo. Zote mbili zitafunguka, zitaziba vizuri, nakuhakikishia. Lakini si kazi ya wiki hii. Labda baridi ikiisha."

Sote tukamtazama Mama.

"Nitangoja," akasema. "Sina haraka." Kikohozi kikamshika, akainamia leso yake, na hakikumwachia upesi.

Feleti akauvuta mlango wa zamani. Ukakwama njiani, akauvuta tena kwa mikono miwili mpaka ukafunga. Akavua koti lake la kazini, akapiga magoti, akaanza kulisokomeza chini, kwenye reli.