Bwana Giza na Bango la Dada Yake

Mtaa mzima ulimwita Bwana Giza, na hakuna aliyemwonea. Mtu ambaye kila jua likizama anapita nyumba kwa nyumba akiomba watu wazime taa za nje, mngemwitaje? Mchana alikuwa fundi friji, tena wa kuaminika. Friji iliyomshinda yeye ujue imeshakufa, izikwe. Lakini jioni alipanda juu ya paa lake la zege, akaifunua darubini, akaifungia kamera pale pa kuchungulia, akaanza kupiga picha za nebula, yaani yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyoko huko kwenye nyota, mengine mafifu kiasi kwamba jicho la mtu haliyaoni kabisa. Hata kamera haiyaoni upesi. Lazima ikodolee pale pale dakika kadhaa, ipige, ikodolee tena, ipige tena, halafu kompyuta ilaze picha zote moja juu ya nyingine mpaka wingu lijitokeze taratibu, kama mgeni mwenye haya.

Mwaka huo aliliwinda wingu moja tu. Mkewe aliliita "mke mwenzangu," kwa sababu mumewe aliliota, alilitaja wakati wa kula, na alilinunulia vitu ambavyo yeye hajawahi kununuliwa. Wingu hilo lilikaa chini chini, upande wa pili wa barabara, na kila jioni lilizama mapema zaidi. Lilibaki juma moja tu; baada ya hapo lisingepatikana tena. Mwakani lingerudi, sawa, lakini mwakani mahali pale pangekuwa na ghorofa. Nguzo zilishasimama, na wajenzi hawakuonyesha dalili yoyote ya uvivu. Ama alipate sasa, ama aliage.

Na kilichomzuia ni bango la dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa amesuka vichwa katika saluni za watu miaka nenda miaka rudi, na sasa hatimaye alikuwa na saluni yake mwenyewe, ghorofani, katika nyumba iliyotazamana na ya mdogo wake. Juu ya dirisha alitundika bango la taa, jeupe pee, pana kama mlango wa gereji. Maandishi halikuwa nayo bado, maana mchora mabango kila siku alikuwa anakuja kesho. Dada hakujali. Aliliwasha hivyo hivyo, akasimama barabarani kulitazama, na machozi yakamlengalenga.

Bwana Giza naye machozi yalimlengalenga, kwa sababu nyingine. Alivuka barabara, akaingia saluni iliyojaa wanawake wenye rola kichwani.

"Dada, zima hilo bango."

"Nizime? Si ndilo linaloniletea wateja?"

"Linawaambia nini hao wateja? Halina hata herufi moja! Bango bubu! Kazi yake kuharibu anga tu."

Wateja wakaguna. Dada akaweka kitana chini polepole, na waliomjua walijua hiyo si dalili njema.

"Mdogo wangu, nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi. Leo unakuja kunitukania bango langu mbele za watu? Toka."

Wakanuniana. Ilibidi mke wa Bwana Giza avuke barabara yeye, maana mawifi hawa walielewana kuliko ndugu wenyewe. Alirudi na masharti.

"Wifi amekubali kuzima jioni moja. Moja tu. Lakini bango likizimwa, bango ni wewe."

"Mimi?"

"Utasimama mlangoni kwake uite wateja mpaka afunge. Kamera si inajipigia yenyewe? Au ulikuwa unatudanganya?"

Akakubali shingo upande. Kila siku alijisifu kwamba mtambo wake hufuata nyota bila kushikwa mkono.

Jioni ya kesho yake anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Aliielekeza darubini juu ya saluni, akaiwasha kamera, akashuka kwenda kuwa bango. Mwanzoni alinong'ona, ungedhani anauza vitu vya wizi. Kisha akaona dada yake anamchungulia dirishani, akapandisha sauti.

"Karibuni akina mama, karibuni akina dada! Kichwa kinaingia kimechoka, kinatoka kinameremeta! Hata mwenye kipara aje, atapewa ushauri!"

Watu wakacheka, na waliocheka wakapanda ngazi. Saluni ikafurika. Dada yake aliuma midomo asicheke, maana bado alikuwa amekasirika na hakutaka hasira iharibike.

Asubuhi, mbele ya kompyuta, Bwana Giza alipiga ukelele uliomwamsha mkewe. Wingu lilikuwepo! Jekundu, pana, limejikunja pembeni kama shuka lililotupwa kitandani. Na juu yake, huku na huku, vipete vyeusi, viduara vidogo vya kivuli.

"Mke mwenzangu ana chunusi," mkewe alisema.

Lilikuwa vumbi. Alikuwa ameifungua kamera kwenye meza yake ya kazi, katikati ya mafriji ya watu, kosa ambalo fundi friji peke yake angelifanya, na picha zake za zamani za nyota kali, ambazo hazionyeshi vumbi, hazikuwahi kumuumbua. Dawa ipo: unapiga picha ya kitu cheupe chenye mwanga sawasawa, kompyuta inajua vumbi limekaa wapi, inalifuta. Ila kamera isiguswe kwanza. Ikifunguliwa tu, vumbi limehama, na kazi yote imekwenda na maji. Kwa kawaida aliupiga weupe wa anga jioni, lakini siku hiyo anga ilijaa mawingu ya mvua, mabaka mabaka, na mvua yenyewe haikuwa mbali. Mtaani pale, wapi kuna kitu cheupe, kipana, chenye mwanga sawasawa, kisicho na hata herufi moja?

Akatazama ng'ambo ya barabara. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Alipofika barabarani nusura azimie. Mchora mabango, yule wa kesho, alikuwa ameamua kuja leo. Yuko juu ya ngazi, brashi imechovywa rangi, mkono umenyooka.

"Subiri!" Bwana Giza alipaza sauti, akapanda mbio saluni. "Dada, nimekuja kuomba samahani."

"Sema kwa sauti. Wateja hawakusikia."

"Naomba samahani! Nilikosa adabu. Bango lako ni zuri. Naomba uliwashe, na huyo bwana ashuke kwanza."

"Si ulisema bubu?"

"Ububu huo huo ndio ninaoutaka, dada yangu. Bila huo wingu langu limepotea."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Dada alimtazama, jasho linamtiririka, shati limetoka nje, akamwona tena yule mtoto aliyembeba mgongoni.

"Fundi!" aliita dirishani. "Shuka unywe chai."

Bango likawaka. Bwana Giza akakimbia kwake juu ya paa, akavalisha mdomo wa darubini shati lake jeupe ili mwanga usambae sawasawa, akailenga kwenye bango, akapiga picha mfululizo. Alipomaliza, tone la kwanza la mvua likamwangukia kwenye pua.

Siku ile ile alivuka na kompyuta kwapani. Vipete vyote vimetoweka. Wanawake wakasogea na rola zao, na dada akainamia kompyuta.

"Hiki kitu kilikuwa juu ya saluni yangu siku zote?"

"Siku zote."

"Nataka kukiona chenyewe."

Kesho yake mvua ilikuwa imepita. Jioni dada alipanda juu ya paa kwa mdogo wake, kamera ikaondolewa, akafumba jicho moja, akachungulia. Ng'ambo ya barabara, bango lilikuwa linawaka, na sasa lilikuwa na jina lake.

"Sioni kitu."

Kabla hajajibiwa, akainuka, akamwita msaidizi wake aliyebaki saluni kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Zima bango!"

Giza likaingia. Bwana Giza alifungua kinywa kueleza kwamba wingu lile halionekani kwa jicho, bango liwake lisiwake. Mkewe akamfinya.

"Sasa," dada alisema, jicho limeganda kwenye darubini, "nadhani naliona. Pale kando ya nyota ndogo. Silo?"

"Ndilo hilo hilo," alisema Bwana Giza, ambaye hajawahi kuliona, akamshika dada yake bega asijikwae na waya.